Hapo Pana Mwenyewe

Mwalimu wa kwaya yetu hakuwa na subira na mtu anayejua kuimba peke yake. Akimpata wa namna hiyo, alimtoa mstari wa mbele na kumsimamisha katikati ya watu wawili wenye sauti za kawaida, ili, kwa maneno yake, ajifunze kuishi na majirani. Mimi hakunipata kanisani. Alinipata mahakamani.

Msinifikirie vibaya. Mimi ni karani wa mahakama pale Makadara, Nairobi, na sehemu kubwa ya ukarani wangu, ukiondoa mafaili na chai, ni kusimama mlangoni na kuita majina ya watu waliotawanyika koridoni, wengine wakitafuna njugu, wengine wakisali kimoyomoyo. Siku hiyo Mwalimu alikuwa amemsindikiza jirani yake aliyegombana na mwenzake juu ya ukuta wa choo. Nikaita jina la jirani. Jirani akasimama, lakini aliyenifikia kwanza ni mama mmoja mrefu mwenye miwani mikubwa na kilemba cha rangi ya ndizi mbivu. Akanitazama kooni badala ya usoni.

"Ita tena," akasema.

"Lakini mama, mwenyewe si ndiye huyu ameshafika?"

"Najua amefika, nimekuja naye. Ita tena, mwanangu."

Nikaita, maana sura yake haikuwa ya kubishiwa. Akafumba macho, akasikiliza mpaka mwangwi ukaishia kwenye ngazi.

"Wewe ni besi," akasema. "Sauti kama hiyo unaitumia kuita watu wakafungwe? Jumapili huwa uko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba Jumapili huwa nimelala. Akasema usingizi haukimbii. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimesimama mstari wa nyuma wa kwaya, viatu nimevua, na hadi leo sijui nilikubali saa ngapi.

Habari za viatu zitakuja. Kwanza mjue mama huyu alikuwa nani. Mwalimu wetu, aliyetufundisha nyimbo za Pasaka na za mazishi, aliyetukataza kutafuna chingamu, aliwahi kupiga gitaa la besi katika bendi ya fanki na disko. Bendi hiyo ilianzia kwenye ukumbi wa jamii hapa hapa Eastlands, miaka ya sabini, ikaishia kupiga katika miji ambayo mimi huiona kwenye televisheni tu ikiwa imefunikwa na theluji. Yeye na mpiga dramu walikuwa watoto wa Makadara, yeye Mkamba, mwenzake Mluhya, milango yao imetazamana. Mpiga gitaa alitoka Kongo, mpiga kinanda Ushelisheli, mpiga tarumbeta Ghana, na mwimbaji alikuwa Mzambia mwenye meno mazuri. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kutamka jina la mwenzake bila kulivunja mguu, walikubaliana kuitana kwa vyombo vyao. Kulikuwa na Gitaa, Kinanda, Tarumbeta na Dramu. Yeye aliitwa Besi. Mwimbaji, kwa kuwa hakuwa na chombo, aliitwa Mdomo.

Hata alipotusimulia sisi uzeeni hakuwataja kwa majina mengine. Na mimi, tangu siku ya kwanza, alinibatiza Besi wa Pili. Niliona ni heshima kubwa mpaka nilipogundua kwamba Besi wa Kwanza ni yeye na hana mpango wa kustaafu.

Sasa, katika kila wimbo aliotufundisha kulikuwa na pengo. Tukifika mwisho wa mstari wa tatu alikunja ngumi hewani, sote tukanyamaza. Hatukunyamaza ili tupumue. Kupumua kulikuwa na mahali pake. Kilikuwa kimya cha mapigo mawili, halafu ngumi ikifunguka tunauangukia mstari wa nne kwa pamoja. Ukiingiza sauti humo ndani, hata kikohozi, mazoezi yalisimama.

"Hapo pana mwenyewe," alisema. "Mtu hakalii kiti cha mwenzake kwa sababu mwenzake ametoka nje."

Mwenyewe alikuwa Dramu. Na Dramu hakuwa amekufa wala hakuwa ng'ambo. Alikuwa mtaa wa Huruma, umbali wa kutembea kwa miguu, anagonga mabati kutengeneza majiko na makarai, na ukiondoa sentensi moja hakuwa amezungumza na Mwalimu tangu wakiwa vijana. Hiyo ndiyo iliyokuwa haja ya moyo wake, na hakuificha kwa sisi tuliomzoea: Dramu arudi siku moja akikalie kiti chake, kabla kifo hakijamwahi mmoja wao.

Desturi yenyewe ya pengo ilizaliwa Lusaka. Tarumbeta alilazwa kwa malaria siku ya onyesho, na meneja akataka Kinanda azipige sehemu zake ili watu wasijue. Bendi nzima ikakataa. Kila palipokuwa pa tarumbeta, wakaacha kimya. Mara ya kwanza watu ukumbini walitazamana. Mara ya pili wakainua mikono juu. Kufikia wimbo wa tatu walikuwa wanapiga vifijo ndani ya kile kimya, na Tarumbeta, kitandani katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya barabara, aliapa kwamba alijisikia akikosekana. Tangu hapo ikawa sheria ya bendi kwamba asiyekuwepo, mahali pake hubaki pake. Sheria hiyo ilisafiri nao kuliko pasipoti.

Kanisani kwetu hakuna aliyejua habari za Lusaka. Waumini walipokutana na kimya katikati ya wimbo waliona ni jambo la kiroho. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kuinamisha kichwa kila tukifika hapo, mke wake akamfuata, benchi lao likafuata, na haukupita muda kanisa zima likawa linainama na kuinuka kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Mhubiri mgeni alitusifu kwa kuwa kwaya pekee inayomwachia Bwana nafasi ya kujibu. Mimi niliposikia hivyo nilicheka hadi nikalazimika kujifanya nimepaliwa.

"Mbona usiwaambie ukweli?" nikamwuliza Mwalimu tukitoka.

"Kwani hapo wanafanya nini?"

"Wanaomba."

"Dramu anahitaji maombi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Waache."

Binti wetu wa kinanda, mwenye kibanda cha simu karibu na soko, siku moja alishindwa kuvumilia. Tukafika kwenye pengo, akalijaza kwa vidole vyote kumi, na kwa kweli ilipendeza. Mwalimu akateremka taratibu, akaenda ukutani, akachomoa waya.

"Aki Mwalimu, si ni ka-utamu tu nimeongeza? Hapo kumebaki wazi."

"Hapo hapakubaki wazi. Hapo pamewekewa mtu."

Binti akaniangalia mimi nimtetee. Nikaangalia dari.

Tuje kwenye viatu. Bendi ilifanyia mazoezi katika nyumba ya chumba kimoja, na jirani wa ukutani alifanya kazi ya zamu ya usiku kiwandani, kwa hiyo mchana alilala. Vijana wale hawakuwa na ukumbi siku za kazi, hawakuwa na umeme wa kutosha spika, na walimwogopa yule jirani. Wakavua viatu, wakawa wanapiga muziki kwa mdomo. Kila mmoja aliimba chombo chake kwa sauti ya chini: Tarumbeta akipuliza mashavu, Dramu akinong'oneza ngoma zake kwa ulimi, Mwalimu akinguruma besi kifuani. Miguu mitupu sakafuni ndiyo iliyoshika mapigo. Alisema walipopewa vyombo vya umeme siku ya Ijumaa, kazi yote ilikuwa imekwisha tayari, vyombo vilikuja kupokea tu.

Nasi alitufundisha hivyo hivyo. Soprano walikuwa tarumbeta, alto walikuwa gitaa, tenori walikuwa kinanda, na sisi besi tulijijua. Tulisimama pekupeku juu ya saruji ya kanisa, mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa baridi ya kuuma vidole, na ole wako ulalamike. "Sikio la mwimbaji liko kwenye unyayo," alisema. Tukiharakisha alituambia mwenye haraka apande bodaboda. Wapya wakipaza sauti ili waonekane, aliwakumbusha kwamba kelele tunazo za bure kule Jogoo Road, hapa tumekuja kutafuta kitu kingine.

Lakini msemo wake mkubwa ulikuwa mmoja, na nadhani angeuandika mlangoni kama mchungaji angemruhusu: "Pigo la kwanza ni la wote. Mengine mgawane." Maana yake ni kwamba ukitaka kupamba, pamba, ukitaka kuchelewa kidogo, chelewa, ila pigo la kwanza likifika, sote tuwe nyumbani. Alidai fanki yote ni hiyo, na ndoa pia, na hata jirani yake angeelewa hilo yasingefika mahakamani mambo ya ukuta wa choo. Kwa miaka yote niliyomjua sikumwona akikosa pigo la kwanza, awe ana homa, awe amefiwa, awe anakemea mtoto kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiongoza.

Alikuwa na ukinzani wake pia, kama sisi sote. Aliwakataza wanakwaya kuvaa viatu virefu, huku katika picha aliyoitundika juu ya meza yake amesimama juu ya soli nene kama matofali mawili, koti la fedha linang'aa. Alisema disko ni ujana na ujana umepita, lakini ukifika kwake Jumamosi asubuhi bila kubisha hodi ungemkuta anapiga deki kwa mtindo ambao deki haiuhitaji. Alichukia uchelewaji kupita kiasi, mtu akichelewa mazoezi aliimba peke yake mbele ya wenzake. Na bado mwanamuziki aliyemsifu kuliko wote duniani ni Dramu, ambaye alichelewa kila pigo isipokuwa lile la kwanza. "Alikuja nyuma kidogo tu," alisema, "kama mgeni anayejua chakula hakitaanza bila yeye." Akisema hivyo sauti yake ililainika, akatafuta miwani iliyokuwa usoni.

Alipenda kutusimulia walivyouzwa. Walipofika Ulaya, mwandalizi wa maonyesho aliona bendi ya Nairobi haitajaza ukumbi, akaandika kwenye mabango kwamba wametoka Amerika. Wakaonywa wasiongee jukwaani ili wasijulikane. Mdomo akanyamaza, ila Dramu hakuweza. Kila mji aliinama kwenye kipaza sauti akawasalimia watu kwa Kiluhya, kirefu, na kuwauliza habari za ng'ombe. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, wakiamini huko Amerika sasa ndivyo vijana wanavyoongea.

Na wimbo wao uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa muthokoi. Mama yake Mwalimu hakufurahia kabisa binti yake aende kuzunguka dunia na wanaume watano na gitaa. Alipomkubalia kwa shingo upande, zawadi aliyompa ilikuwa maelekezo ya kupika muthokoi huko ugenini: utwange mahindi hivi, uyaloweke hivi, maharagwe usiyatie mapema. Mwalimu akawa anayakariri njiani asije akasahau. Gitaa akaweka nyuzi juu yake, Tarumbeta akapuliza, na kabla hawajajua wana wimbo wa disko wenye mapishi ya Kikamba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wazungu kwa mamia, jasho linawatoka, wakiruka na kupaza sauti, "Muthokoi! Muthokoi!" bila kujua ni kitu cha kuliwa.

"Mama alijua?" niliwahi kumwuliza.

"Nilimletea santuri. Akaisikiliza yote, ameketi wima. Akaniuliza chumvi mbona hamkutia."

Ilikuwa kwenye mji mmoja wa baridi ndipo mambo yalipoharibika. Walikuwa wanarekodi. Mtu wa studio akaleta mashine ndogo yenye vifungo, inayopiga dramu yenyewe, akasema muziki wa disko sasa ndio huo, watu wanataka pigo lisilotetereka. Dramu akaambiwa aketi nje apumzike. Hilo kila mtu alitegemea bendi ingelikataa, kama ilivyokataa Lusaka. Gitaa alimtazama Besi, Kinanda alimtazama Besi, maana dramu na besi ni mtu na kivuli chake. Besi akachukua gitaa lake, akapiga na mashine. Alituambia alikuwa kijana, alichoka na baridi, alitaka santuri itoke. Hakujitetea zaidi ya hapo. Mashine haikuchelewa popote wala haikuacha pengo lolote, na Dramu alisikiliza yote kupitia kioo. Asubuhi yake akapanda ndege ya kurudi nyumbani. Bendi ikaendelea kwa muda, ikachechemea, ikafa.

Mwalimu aliporudi Nairobi alikwenda Huruma kumwona. Dramu alikuwa ameshajifunza kazi ya mabati. Hakumfukuza, ila aligonga kwa nguvu zaidi mpaka maneno ya Mwalimu yakawa hayasikiki hata kwake mwenyewe. Miaka mingi baadaye akajaribu tena, na safari hiyo Dramu alisema sentensi moja: "Kapige na mashine yako." Mwalimu akarudi Makadara, akaomba kazi ya kufundisha kwaya, na wimbo wa kwanza aliotufundisha ukawa na pengo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, lakini nadhani hawakuwahi kumkosea mhunzi mwenyewe.

Basi kilichotokea baadaye kingetokea hapa kwetu tu. Kuna tamasha la kwaya za makanisa ya Eastlands, na mwaka mmoja tuliimba tukashinda. Mwaka uliofuata, kwaya moja ya Huruma ikapanda jukwaani na kuimba vizuri hadi katikati, kisha wakanyamaza ghafla. Kimya chao kilikuwa kirefu, hadi mwamuzi mmoja akaanza kufunga kalamu. Kisha wakaendelea. Baada yao kwaya nyingine, nayo ikanyamaza. Ya tatu pia. Kila mtu alikuwa ameona kwaya iliyoshinda ina shimo, akaenda kujichimbia lake.

Mwalimu alicheka mpaka kilemba kikalegea. Tukamzunguka tukidai apeleke malalamiko kwa waandalizi. Yeye akamwendea kiongozi wa kwaya ya Huruma, kijana mrefu aliyeanza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Mwalimu, hatujaiba, tumekopi tu. Si hiyo ndio staili ya siku hizi?"

"Kama mnaiba, ibeni vizuri. Lenu ni refu, mtu anaweza kunywa chai humo ndani. Kanisa lenu liko upande gani?"

"Huku tu kwa jua kali. Ukuta wetu na wa mafundi wa jiko ni mmoja."

Mwalimu akaacha kucheka. "Jumamosi nitakuja kuwafundisha," akasema. "Bure. Besi wa Pili atanisindikiza."

Besi wa Pili hakuulizwa, lakini alikwenda. Kanisa lile ni la mabati matupu, na ng'ambo ya ukuta nyundo zilikuwa zinalia kiasi kwamba ulilazimika kusali kwa sauti ya kuuza samaki. Kijana akatuomba radhi. Akasema wamezoea, hasa mzee wa pale kona, ambaye huanza wa kwanza na kumaliza wa mwisho.

"Ila siku hizi masikio yamemwisha," akaongeza. "Ukimsalimia lazima usimame mbele aone mdomo."

Mwalimu akaketi kwenye benchi. "Yote mawili?"

"La kushoto limeenda kabisa. La kulia linasikia vitu vizito tu. Lori, radi, vitu kama hivyo."

"Vitu vizito," Mwalimu akarudia. Kisha akanigeukia, akanitazama koo kama siku ile mahakamani. "Besi wa Pili. Fungua hilo dirisha, usimame hapo. Na usiimbe kama mtu aliyekuja kutembea."

Jumamosi kadhaa nilisimama kwenye dirisha lile nikiyaimbia majiko. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, pengo, wa nne. Nyundo ziliendelea. Watoto walikuja kunitazama kama sinema, mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi akaniuliza kama niko sawa nyumbani. Mwalimu hakukata tamaa, alitaka tu nishuke chini zaidi, mpaka nikasikia mabati ya ukuta yakitetemeka chini ya kiganja changu. Nami, ambaye nilianza kama mtu wa kuitwa tu, nikawa natamani kitu kile kuliko nilivyotamani cheo.

Halafu Jumamosi moja tukafika kwenye pengo, na nyundo ya kona ikanyamaza. Zingine ziliendelea, hiyo moja ikanyamaza. Tulipouangukia mstari wa nne, nayo ikaanguka, ko, pamoja nasi, juu ya pigo la kwanza.

Mwalimu alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

"Nenda basi," nikamwambia. "Ni hapo tu."

"Nilishakwenda mara mbili. Hii safari ni yake."

Hayawi hayawi, huwa. Jumapili haikuchelewa kufika, ila Dramu alichelewa. Tulikuwa tumeshasimama kuimba kanisani kwetu Makadara alipoingia mzee mfupi mwenye kofia ya ngozi na koti lililopigwa pasi hadi kung'aa, akakaa benchi la nyuma, amegeuza sikio la kulia kuelekea kwetu. Sikuwahi kumwona ana kwa ana, ila kwa vidole vile vya kugonga mabati nilimjua. Mwalimu aliwapa waumini mgongo, kama kiongozi wa kwaya alivyo. Hakuona kitu. Nilitamani kumfanyia ishara, lakini mdomo ulikuwa na kazi, na nyusi pekee hazitoshi kueleza miaka arobaini na kitu.

Mwisho wa mstari wa tatu, ngumi ikapanda. Kimya. Vichwa vyote vikainama.

Na kutoka benchi la nyuma, viganja viwili na vifundo vya vidole juu ya mbao, nyuma kidogo, kama mgeni anayejua atasubiriwa: tum, taka-tum, ta. Mzee wa kanisa aliruka kama amechomwa sindano. Mwalimu alibaki na ngumi hewani. Haikufunguka. Pigo la kwanza likafika, sisi sote tukawa nyumbani, sauti nne na mbao za benchi, na yeye peke yake hakuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu alikosa pigo la kwanza.

Hakugeuka. Machozi yalimtoka chini ya ile miwani mikubwa na aliendelea kuongoza. Tulipofika tena kwenye pengo, katika ubeti wa pili, hakukunja ngumi. Alifungua kiganja na kukinyoosha nyuma, bila kutazama, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Dramu akaingia.

Nje, kando ya tangi la maji, walisimama wakatazamana. Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Umechelewa."

"Ati?" Dramu akamletea sikio la kulia.

"Nasema umechelewa!" Kanisa zima lilisikia.

"Besi, mimi niliwahi kufika mapema lini?"

Mwalimu akacheka, akalia, akafanya yote mawili. "Siku ile ningekataa," akasema. "Nilipaswa kukataa."

Dramu akaivua ile kofia ya ngozi. "Ile mashine iko wapi siku hizi?"

"Sijui. Itakuwa ilitupwa."

"Basi. Mimi niko."

Siku hizi Dramu ana mahali pake mbele, kando ya kwaya, na ngoma moja aliyoitengeneza mwenyewe. Waumini bado wanainamisha vichwa kwenye pengo, ingawa sasa lina kelele, na miguu yao inacheza chini ya mabenchi wakidhani hatuioni.

Mwezi uliopita nilikwenda Huruma kununua jiko, au nilijiambia nakwenda kununua jiko. Niliwakuta kwenye kona yake, adhuhuri, Mwalimu juu ya kigoda, viatu kavua, gitaa la besi mapajani halijaunganishwa na umeme wowote, Dramu akipiga mgongo wa karai kwa vidole. Ulikuwa wimbo wa muthokoi. Mafundi wengine walikuwa wameacha nyundo zao wakasikiliza. Nikaanza kutingisha kichwa, na mara wote wawili wakanyamaza. Nikadhani wamekosea. Kisha wakaendelea, na walipofika tena pale pale, wakanyamaza tena.

"Hapo ni pa nani?" nikauliza.

"Pa Tarumbeta," akasema Mwalimu. "Tulipata habari juzi. Alizikwa kwao mwaka jana."

"Kwa hiyo hatarudi."

"Hatarudi," akasema Dramu, aliyekuwa akinitazama mdomo. "Sasa wewe, hapo pake utampa nani?"

Wakaanza tena wimbo mwanzo, mapishi yote, mahindi na maharagwe, na tulipokaribia mahali pale nikamwona Mwalimu akininyooshea kidole cha onyo nisije nikaingiza ile sauti yangu ya mahakamani. Hakuwa na haja ya kunionya. Kimya kilipofika, mimi niliyewacheka waumini miaka yote ile, nilikuwa nimeshainamisha kichwa.